Maoni Namba Thelathini na Nane

Kufikia saa nne asubuhi ya Jumamosi, Inspekta Nukta alikuwa amesoma maoni thelathini na saba kuhusu riwaya ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuifungua, na alikuwa tayari kumkamata mtu yeyote kwa kosa lolote.

"Namba ishirini na mbili alilia hadi mto ukaloa," alisema. "Namba ishirini na tatu naye alilia hadi mto ukaloa. Hawa walikaa pamoja wakapanga."

"Riwaya inaliza, afande," alisema Konstebo kwa sauti ya mfiwa.

Waliketi kwenye meza ya mwisho ya maktaba, chini ya feni iliyozunguka taratibu kama inatumikia adhabu. Mbele yao lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, na kalamu imefungwa kwenye daftari hilo kwa uzi, kama mbuzi asiyeaminika. Juu ya jalada mkutubi alikuwa ameandika kwa herufi za mapambo: MAONI YA WASOMAJI, RIWAYA YA KIZIMBA KINA MASIKIO. Chini yake, kwa herufi ndogo, alikuwa ameahidi kwamba maoni bora yatasomwa redioni. Tangu siku hiyo watu ambao mara ya mwisho kushika kitabu ilikuwa siku ya kukirudisha kwa mwalimu walianza kupanga foleni mlangoni, nywele wamechana.

Nukta halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo tangu akiwa sajini, kwa sababu kila mahojiano aliyafunga kwa neno hilo moja, na akishalitamka, mtuhumiwa hujikuta ameongeza sentensi mbili ambazo hakuulizwa.

Habari iliyowaleta pale ilitoka kwa Konstebo. Jana jioni alipita kuangalia kama kuna aliyeyasifu maoni yake mwenyewe, namba kumi na mbili ("Polisi wameonyeshwa kwa haki, hasa makonstebo"). Hakukuta sifa. Alifunua kurasa kwa uchungu hadi akafika namba thelathini na nane, na uchungu wote ukamtoka. Alisoma mara tatu, kisha akapiga simu.

Nukta sasa aliyasoma kwa sauti ya chini.

"'Mwandishi amekosea. Pazia halikuwa jekundu, lilikuwa jeupe. Na aliyekaa nyuma yake alikuwa mwanamke. Mwulizeni alivyotetemeka.' Yameandikwa Jumanne. Sahihi: Msomaji."

"Herufi kubwa tupu," alisema Konstebo. "Mwandiko haushikiki."

Mji mzima ulijua riwaya ile imetoka wapi. Miaka minne iliyopita jengo la ghorofa tano lilianguka kabla halijaisha, likaua vibarua kumi na mmoja. Mkandarasi alifungwa kwa neno la shahidi mmoja, shahidi wa nne, aliyeketi nyuma ya pazia na kunong'ona majibu yake, karani wa mahakama akiyarudia kwa sauti ili hata sauti isijulikane ni ya nani. Sasa Mkandarasi amekata rufaa. Mawakili wake wanadai shahidi huyo hakuwahi kuwepo, kwamba ni hewa tu iliyovalishwa pazia na polisi. Rufaa inasikilizwa Jumatatu, na shahidi amekubali kurudi kunong'ona tena. Akikimbia kabla ya Jumatatu, Mkandarasi anarudi nyumbani kwake. Akipatikana na watu wa Mkandarasi kabla ya Jumatatu, basi... Nukta hakupenda kuimaliza sentensi hiyo, na kwa mtu wa jina lake, hilo si jambo dogo.

"Hebu nisomee wengine wanamwitaje shahidi," alisema.

Konstebo akalamba kidole. "Namba kumi na saba: 'Shahidi wa Nne ni mwamba, jamaa kajikaza kiume.' Namba kumi na tisa: 'njemba.' Namba ishirini na sita: 'baba wa watu.' Namba thelathini: 'Mimi ni mjane, na Shahidi wa Nne akija kuposa hata kesho nakubali.'" Akakohoa. "Mimi mwenyewe nilimwita mwanaume wa shoka."

"Riwaya inasema ni mwanamume?"

Konstebo akalamba kidole tena. Akafunua riwaya, nakala yake mwenyewe, kurasa zimechakaa kama shati la bwenini mwisho wa muhula. Alitafuta kwa dakika nne. "Inasema 'alikuja'. Inasema 'akanong'ona'. 'Shahidi akameza mate.'" Akainua macho. "Afande, haisemi."

"Haisemi," alisema Nukta. "Watu thelathini na nane wameandika, mmoja tu kasema mwanamke. Na mmoja huyo kapatia."

Waliojua hayo mwaka ule walikuwa watano. Jaji, ambaye alifariki mwaka jana. Wakili wa serikali, ambaye yuko masomoni nchi ya mbali. Karani wa mahakama. Nukta. Na shahidi mwenyewe.

Walimwita mkutubi. Alikuja na bando la kadi mkononi, mwanamke mwembamba ambaye viatu vyake havikutoa sauti.

"Dada, Jumanne nani aliandika hapa?"

"Watu wanaandika wanaondoka, afande. Mimi nalinda vitabu. Nyuso wanalinda wenyewe."

"Hakuna aliyekuja kulitazama daftari kwa namna ya ajabu?"

"Mbona wote wa ajabu? Kuna baba mmoja analibusu." Mkutubi alifikiri. "Labda yule mhakiki. Mpole huyo! Tai, viatu vinang'aa, 'samahani dada' kila neno. Alikuja Alhamisi akaomba kupiga nakala daftari zima, eti anaandika makala gazetini. Jana akarudi."

"Kufanya nini?"

"Ukurasa mmoja hakuuona vizuri. Akaomba ukuzwe."

"Ukurasa gani?"

Mkutubi akaweka kidole chake kwenye namba thelathini na nane. Konstebo alijikuta amesimama bila kuagizwa.

"Nukta," alisema Nukta.

"Na aliniuliza," mkutubi akaongeza haraka, "kama wanaoandika humu huwa wanakaa jirani. Nikamwambia karibu wote huja kwa miguu."

*

Karani wa zamani aliwapokea sebuleni kwake akiwa amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali na hakuwa na safari. Tangu riwaya yake ianze kupendwa hakuwahi kuonekana bila koti. Kitabu kilikuwa na jina bandia la mwandishi; siri hiyo ilijulikana na kila mtu, na ni karani peke yake aliyeamini inalindwa vizuri.

"Mzee," alisema Nukta, "una habari ya daftari la maktaba?"

"Nasikia tu. Mimi si mtu wa sifa."

Nukta akalifungua juu ya meza ndogo. "Namba tano: 'Mwandishi huyu ni nyota iliyochelewa kuchomoza.' Kakosea neno moja, kalikata kwa mstari mmoja uliopigwa rula, pembeni katia sahihi fupi. Namba nane, mstari wa rula, sahihi fupi. Namba kumi na nne hivyo hivyo. Yapo saba. Msomaji wa kawaida akikosea huchafua, mzee. Anayekata kwa rula na kutia sahihi ni mtu aliyeandika kumbukumbu za mahakama maisha yake yote."

Karani alitazama dari kwa muda mrefu. Dari haikumsaidia.

"Ni mazoea ya mkono," alisema mwishowe. "Kosa lisilotiwa sahihi haliniletei usingizi."

Konstebo alipata kikohozi cha ghafla akageukia dirishani.

"Na namba thelathini na nane?"

Mzee aliinama akasoma, na kila mstari alioupita ulimpunguza kidogo ndani ya koti lake. Alipomaliza hakuwa tena mwandishi. Alikuwa karani.

"Si mimi," alisema. "Binti yangu, naapa. Nilibadilisha kila kitu. Jengo nikalifanya daraja, mkandarasi nikamfanya waziri, pazia nikalipaka rangi nyekundu. Yule shahidi nilimlinda kwa herufi moja tu: a. Alikuja, alisema, aliondoka. Nani ajue ni bwana au bibi? Lugha yenyewe ilinishika mkono. Nimeketi miezi sita nikihakikisha hakuna 'dada' wala 'kaka' mahali popote."

"Umemwambia nani? Mke wako? Rafiki kwenye bao?"

"Mke wangu mwenyewe ananiuliza lini nitamtaja yule kijana jasiri." Akagonga ukurasa. "Halafu tazama, huyu ni mzushi. Anasema jeupe. Pazia lile ni la kijani. Miaka ishirini nililitazama zaidi kuliko nilivyomtazama mama watoto. Kijani, limepauka upande wa dirisha. Anayesema jeupe hajawahi kukanyaga mahakama ile."

Konstebo alishusha pumzi kwa nguvu hata karatasi zikapepea. Mzushi! Mtu kabahatisha tu! Alianza hata kutabasamu. Nukta hakutabasamu.

"Mzushi hahitaji kumkosoa mwandishi rangi ya pazia," alisema. "Mzushi anasifu, analia, analowesha mto. Nani mwingine alilitazama pazia lile?"

"Kila aliyeingia. Limeninginia mbele ya mlango wa jaji tangu jengo lifunguliwe."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma?" Karani alishangaa. "Nyuma hapiti mtu. Ule mlango ni wa jaji peke yake. Hata mimi siku ile nilisimama upande wa kizimba, nikatega sikio kwenye kitambaa."

*

Mlinzi wa mahakama aliwafungulia huku akilalamika kwamba Jumamosi ni Jumamosi. Ukumbi ulikuwa na kimya cha bweni baada ya mwalimu wa zamu kupita: kimya kilichojaa watu wasiokuwepo. Pazia lilikuwa palepale, kijani, limepauka upande wa dirisha, kama karani alivyosema.

Siku ile ya kesi Nukta alimkabidhi shahidi kwa jaji ofisini kwake, akabaki koridoni, uso kwa ngazi. Jaji mwenyewe ndiye aliyempitisha shahidi mlangoni na kumketisha. Kwa hiyo sasa Nukta aliingia kwa njia ambayo hakuwahi kuipita. Alivuka ofisi ya jaji, akasukuma mlango mdogo, akasimama kwenye nafasi nyembamba inayotosha kigoda kimoja. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Konstebo alibaki upande wa kizimba. Kisha sauti ya afande wake ikatoka ndani ya kitambaa.

"Njoo huku uone."

Konstebo alizunguka. Nukta alikuwa amewasha tochi ya simu. Pazia zima, kutoka juu hadi chini, lilikuwa limeshonewa bitana, kitambaa cha pili kwa ndani, ili mwanga usipenye. Bitana ilikuwa nyeupe.

"Aliyekuwa mbele aliona kijani," alisema Nukta. "Aliyeketi hapa aliona jeupe. Na waliofika huku nyuma ni wawili, mmoja wao tulimzika mwaka jana."

Konstebo alihesabu kwa vidole, ingawa hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la kwanza. "Afande. Ameandika mwenyewe?"

"Ameandika mwenyewe." Nukta alizima tochi. "Kule kwenye jengo walikuwapo wanawake wangapi?"

"Wawili. Mtunza stoo, na mpishi wa vibarua."

"Na watu wa Mkandarasi wanalijua hilo kuliko sisi. Tangu jana wanajua wanatafuta mwanamke. Nenda kwa yule mpishi, sasa hivi, usisimame njiani hata kufunga kamba ya kiatu. Mimi naenda kwa mwenzake."

*

Duka la fundi cherehani lilikuwa mitaa miwili kutoka maktaba. Ndani kulikuwa na sare za shule zimetundikwa kwa saizi, kubwa hadi ndogo, kama ukoo unaosubiri kupigwa picha. Fundi alikuwa akipinda mkono wa shati. Miaka minne iliyopita alikuwa mtunza stoo aliyeandika kila mfuko wa saruji ulioingia na kila mfuko ulioondolewa kwa siri. Baadaye alibadilisha mtaa, kazi na namna ya kufunga kitambaa kichwani. Hakubadilisha macho.

"Karibu, afande dada. Si tulisema Jumatatu?"

"Nimekuja kuuliza kuhusu bitana," alisema Nukta.

"Ya koti au ya sketi?"

"Ya pazia."

Mkono wa fundi ulisimama juu ya gurudumu la cherehani. Aliutazama kama vile ni wa mtu mwingine.

"Nilikwenda kuazima kitabu cha mishono," alisema. "Nikakuta foleni. Nikauliza kuna nini, nikaambiwa andika maoni. Nikakaa nikayasoma yote kwanza." Akavuta pumzi. "Wananipenda, dada. Wananipenda hata nikaona aibu. Mwamba. Njemba. Baba wa watu. Kuna mjane anataka nimwoe!"

Alicheka. Nukta naye alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha cheko la fundi likapinda njiani likawa kitu kingine, akalifuta kwa upindo wa shati la mtoto wa mtu.

"Hakuna hata mmoja," alisema. "Watu wote wale. Hata mmoja hakufikiri anaweza kuwa mtu kama mimi. Nikaona niandike mstari mmoja. Mmoja tu."

"Na rangi ya pazia?"

"Kwa sababu lilikuwa jeupe! Kwa saa mbili na nusu nilikuwa sina kingine cha kutazama. Mshono wa pindo umeruka mahali pawili. Aliyeshona alikuwa na haraka."

Nukta akamweleza habari za mhakiki mwenye viatu vinavyong'aa, nakala, na ukurasa uliokuzwa. Alieleza bila kupamba. Fundi alisikiliza hadi mwisho, na alipozungumza hakujiulizia yeye.

"Mpishi," alisema. "Mungu wangu. Watamdhania yeye."

Simu ya Nukta ikaita. Aliiweka kwa sauti ya wazi juu ya meza ya kukatia.

"Yuko salama, afande," alisema Konstebo, akihema. "Ila asubuhi alipata wageni. Wawili, wapole, wamevaa vizuri. Wameagiza chai, wamesifu chai. Halafu wakampongeza, eti maoni yake maktaba yamependwa sana."

"Akawajibuje?"

"Alicheka hadi akakaa chini. Kawaambia yeye hajui kusoma wala kuandika, hata kwenye fomu ya kliniki anaweka dole gumba. Nao wakacheka." Konstebo akashusha sauti. "Chai hawakuimaliza, afande. Vikombe bado viko mezani."

"Bakia hapo." Nukta alikata simu.

Fundi alikuwa ameshahesabu. Mtunza stoo haachi kuhesabu kwa sababu amebadilisha kazi.

"Wawili ukitoa mmoja," alisema.

"Nina gari nje ya mtaa. Naweza kukutoa mjini sasa hivi, na hutaonekana."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu utakuwa mbali."

"Na Mkandarasi atakuwa nyumbani kwake, anakata keki." Fundi alisimama, akaanza kuzunguka kati ya sare, akizinyoosha mabega moja moja. "Dada, hebu niambie. Lile pazia sasa linamficha nani kwa nani? Wanaonitaka wanajua ni mimi. Wasionijua ni majaji wa rufaa na wale wa kwenye daftari."

Kila jibu alilokuwa nalo Nukta lilikuwa la kwenye mwongozo wa kazi, na mwongozo uliandikwa na watu waliokaa mbele ya pazia.

"Nikisema yote leo," aliendelea fundi, "kwa jina langu, yakaandikwa, yakagongwa mhuri. Kunifunga mdomo Jumapili kutawafaa nini?"

"Kutawafaa kidogo," alisema Nukta polepole. "Maneno yatabaki. Na jina likiwa wazi, kidole kitaelekea kwao tu. Lakini sikuahidi kitu. Sina uwezo wa kuahidi."

"Sijakuomba ahadi. Nimeuliza kama una fomu."

Nukta alitazama saa. Saa saba na robo. Hakimu wa zamu, mwenye mhuri, huondoka saa nane kamili, na kwa kosa hilo la kushika wakati hajawahi kusamehewa na polisi yeyote. Dakika kumi na tano za barabara. Alifunga mlango wa duka kwa komeo, akavuta kiti, akatoa fomu ya maelezo mkobani na kuitandaza juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na futi kamba.

"Jina kamili."

Fundi alilitaja. Majina yote matatu, wazi, bila kunong'ona, kwa sauti ambayo hakuna karani aliyehitaji kuirudia. Ilikuwa sauti nzito kuliko Nukta alivyoikumbuka.

Akajaza umri. Akajaza makazi. Akajaza kazi: fundi cherehani, zamani mtunza stoo. Kalamu ikafika kwenye kisanduku cha jinsia.

"Hapo niachie," alisema fundi.

Aliichukua kalamu. Akaandika taratibu, herufi kubwa, moja baada ya nyingine. Nje gari lilipunguza mwendo, likasimama mbele ya duka, likazima injini. Nukta aliweka mkono kwenye bastola kiunoni. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa amebakiza herufi tatu za neno MWANAMKE.